Ndani ya Haipothalamasi, Mafuta Yakiungua Njaa Hupanda

Wanaouza dawa za kupunguza uzito wanalipenda sana neno "kuchoma". Kidonge kinachoma mafuta, sindano inaamsha uchomaji, kirutubisho kinawasha tanuri la mwili. Neno hilo lina maana kwenye msuli, na kwa kiasi fulani kwenye ini. Likipelekwa ubongoni linageuka juu chini. Katika haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo inayosimamia njaa na shibe, seli za njaa huchangamka zinapochoma asidi za mafuta na hutulia uchomaji huo unapozuiwa. Dawa inayokata hamu ya kula, ikigusa umetaboli wa mafuta wa eneo hilo, kwa kawaida hupunguza uchomaji. Anayeisifu kwa "kuchoma mafuta ya ubongo" anaisifu kwa jambo ambalo lingemfanya mgonjwa ale zaidi.

Kuna picha potofu ya kuondoa kwanza. Ubongo umejaa mafuta: takriban nusu ya uzito wake mkavu ni lipidi. Lakini hiyo si akiba kama ile ya tumboni. Ni kuta za seli, ni mayelini inayozifunika nyuzi za neva, ni kolesteroli ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe kwa sababu ile ya kwenye damu haivuki kizuizi cha damu na ubongo. Hakuna dawa ya hamu ya kula inayomkondesha mtu kwa kupunguza mafuta hayo, na ingekuwepo ingekuwa sumu. Ubongo una kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati mtu akiwa amepumzika, na karibu yote hutoka kwenye glukosi. Mtu akikaa siku nyingi bila kula, ketoni zinazotengenezwa na ini hushika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Asidi za mafuta zenyewe nyuroni, yaani seli za neva, huzichoma kwa uchache mno. Uchomaji uliopo hufanywa zaidi na astrosaiti, seli zinazozihudumia nyuroni. Kama chakula cha ubongo, basi, mafuta haya si kitu. Umuhimu wake uko kwenye taarifa: wingi wa asidi za mafuta na vipande vyake ndani ya seli chache ni kipimo ambacho ubongo hukisoma ili ujue kama mwili umeshiba au umeishiwa.

Seli hizo ziko kwenye sakafu ya haipothalamasi, katika kiini kiitwacho akueti. Ziko makundi mawili yanayovutana. La kwanza hutoa vijumbe vya kikemia viitwavyo AgRP na NPY, na ndilo la njaa: watafiti wakiziamsha seli hizi kwa panya aliyeshiba, panya huanza kula ndani ya dakika chache. La pili hutumia jeni ya POMC kutoa homoni inayokaa kwenye kipokezi cha MC4R, ambako ujumbe wa shibe huenea hadi sehemu nyingine za ubongo. AgRP hukiziba kipokezi hichohicho. Watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya MC4R hunenepa mapema utotoni kwa njaa isiyoisha, na hilo latosha kuonyesha kwamba huu si mchezo wa nia wala nidhamu.

Seli ya aina hii hujuaje kama kuna akiba? Mlolongo wenyewe ni huu. Glukosi inapotosha, seli huivunja na kuzalisha kipande kidogo kiitwacho asetili-CoA. Kimeng'enya kinachoitwa ACC huigeuza kuwa malonili-CoA. Kimeng'enya cha pili, FAS, huunganisha asetili-CoA 1 na malonili-CoA 7 na kutengeneza palmitati, asidi ya mafuta yenye kaboni 16. Hadi hapo ni utengenezaji wa mafuta wa kawaida. Lakini malonili-CoA ina kazi ya pili. Hukaa juu ya CPT1, mlango ambao asidi ndefu za mafuta hupitia kuingia kwenye mitokondria, tanuri za seli, kwenda kuchomwa, na huufunga. Ikiwa nyingi, mafuta hayaingii. Ikipungua, mlango unaachwa wazi. Kwenye ini mpango huu huizuia seli kutengeneza na kuchoma mafuta kwa wakati mmoja. Kwenye haipothalamasi umegeuzwa kuwa lugha: panya akinyimwa chakula malonili-CoA hushuka, akilishwa hupanda, na kupanda huko huandamana na shibe.

Mwaka 2000, watafiti wa Johns Hopkins walichapisha jaribio lililoliweka jambo hili mezani. Waliwapa panya C75, kemikali inayozima FAS. FAS ikizimwa, malonili-CoA haina pa kwenda, inajaa. Panya waliacha kula na uzito ukaporomoka. Kilichoshangaza zaidi ni NPY. Mnyama aliyekosa chakula anatakiwa kuwa na NPY iliyopanda, lakini kwa panya hawa ilishuka, kana kwamba ubongo ulisadiki kwamba mwili umeshiba. Panya walipopewa pia kemikali inayozima ACC, ili malonili-CoA isitengenezwe, athari ya C75 ilipungua. Kwa hiyo aliyebeba ujumbe alikuwa malonili-CoA, si upungufu wa palmitati. Miaka mitatu baadaye kundi la Luciano Rossetti, New York, lilipita njia nyingine: likazuia CPT1 moja kwa moja kwenye haipothalamasi ya panya, na panya wakapunguza kula, huku ini likipunguza pia kutoa glukosi. Majaribio mawili yaliyoanzia pembe tofauti yalifika mahali pamoja. Funga mlango wa mafuta, njaa inapungua.

Mbona basi C75 haikuwa dawa? Hapa ndipo somo lenye thamani lilipo, na ndipo wengi wanaoandika kuhusu "kuzima mafuta ya ubongo" hupapita haraka. Panya waliopewa C75 walijifunza pia kuiepuka ladha waliyoionja karibu na kupewa kemikali hiyo, ishara kwamba ilikuwa inawachafua roho. Sehemu ya "shibe" ilikuwa ugonjwa. Kisha ikaonekana kwamba C75 ikishaingia kwenye seli inaweza kuunganishwa na CoA na kuzuia CPT1 yenyewe, wakati majaribio mengine yalionyesha ikiichochea CPT1 nje ya ubongo, kwa hiyo kemikali moja ilikuwa inavuta kamba pande mbili. Na zaidi ya hayo yote, FAS haiko kwenye seli za njaa peke yake. Kiinitete cha panya kisicho na FAS hufa tumboni. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba seli shina za neva kwenye ubongo wa panya mkubwa huhitaji FAS ili zigawanyike. Kuzima kimeng'enya hicho ubongoni miaka na miaka, kwa lengo la mtu kupunguza mkate mmoja, ni hesabu isiyolipa. Dawa za kuzuia FAS zinazojaribiwa kwa binadamu siku hizi zinalenga magonjwa kama ini lenye mafuta na uvimbe wa saratani, si hamu ya kula.

Juu ya ACC kuna msimamizi mwingine: AMPK, kimeng'enya kinachopima upungufu wa nishati ndani ya seli. AMPK ikiwaka huizima ACC, malonili-CoA hushuka, CPT1 hufunguka, mafuta huungua. Kwenye msuli hilo ni jema, ndilo linalotokea mtu anapofanya mazoezi. Kwenye haipothalamasi ni njaa. Grelini, homoni inayotolewa na tumbo tupu, huwasha AMPK ya haipothalamasi. Leptini, inayotolewa na seli za mafuta, huizima. Mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha Yale lilieleza kinachofuata ndani ya seli za AgRP: mafuta yanapochomwa hutoa chembe haribifu za oksijeni, na protini ya UCP2 huzipunguza, hivyo seli za njaa huweza kuendelea kutuma ujumbe wake bila kuchoka. Ni mpango mzuri kwa kiumbe anayetafuta chakula porini, kwani kiungo kinachomsukuma kutafuta hutumia kuni zilezile zinazobaki mwilini wakati glukosi imepungua.

Kutokana na hili kuna jambo la kuangalia dukani. Virutubisho vinavyotangazwa kwamba "huwasha AMPK" huahidi kukonda. Kama kweli vingekivuka kizuizi cha damu na ubongo na kuiwasha AMPK ya haipothalamasi, mnunuzi angepata njaa. Metformini, dawa ya kisukari, hutajwa sana kama mfano wa kupinga hoja hii, kwa sababu huhusishwa na AMPK na bado hupunguza uzito kidogo. Lakini kazi iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha kwamba upungufu huo unategemea GDF15, homoni inayopanda kwenye damu ya mtumiaji na kufanya kazi kupitia kipokezi kilichoko shina la ubongo. Njia tofauti kabisa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa upande wa binadamu, kwa maoni yangu, unatoka kwenye dawa zinazonenepesha. Olanzapini na klozapini, dawa za magonjwa ya akili, zinajulikana kwa kuleta njaa kali na kilo nyingi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa panya kwamba huongeza AMPK ya haipothalamasi kupitia kipokezi cha histamini cha H1, na panya wasio na kipokezi hicho hawakupata ongezeko hilo. Mgonjwa anayeambiwa "punguza kula" wakati dawa yake inasukuma swichi hiyo kila siku anastahili msaada wa kitabibu, si lawama. Upande wa pili yuko nikotini: kwa panya hupunguza AMPK ya haipothalamasi, na huamsha pia seli za POMC. Wanaoacha sigara huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Hiyo si sababu ya kuendelea kuvuta. Ni sababu ya kumwandaa mtu kabla hajaacha, kwa kujua kwamba njaa ya wiki za mwanzo ina chanzo cha kikemia.

Tamoksifeni inatoa onyo la aina nyingine. Panya wanaopewa dawa hii ya saratani ya matiti hupunguza kula, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba FAS hupungua na malonili-CoA hujaa katika kiini kimojawapo cha haipothalamasi yao. Utaratibu uleule wa C75, kwenye dawa ambayo wanawake wengi wameimeza kwa miaka mitano mfululizo. Hata hivyo tamoksifeni haikugeuka kuwa dawa ya kukonda kwa wanawake hao. Yeyote anayebeba matokeo ya panya na kuyauza kwa binadamu anapaswa kulijibu hilo kwanza.

Mafuta ya ubongo huwa pia barua. Anandamidi, iliyotambuliwa mwaka 1992, na 2-AG ni lipidi zinazokatwa kutoka kwenye kuta za seli, kwenye akiba ya asidi ya arakidoni, na hukaa kwenye kipokezi cha CB1 kuongeza hamu ya kula. Leptini huzishusha. Rimonabanti ilitengenezwa kuziba CB1. Ilikubaliwa Ulaya mwaka 2006 na watu walikonda kweli. Mwaka 2008 matumizi yake yakasitishwa kwa sababu ya huzuni kali na mawazo ya kujiua. Haikuikosa njaa. Iligonga njaa, na ikagonga pia furaha, utulivu na kila kitu kingine kinachotumia barua hizo ubongoni kote.

Dawa nyingine za kukonda, fenfluramini iliyoondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na sibutramini iliyoondolewa mwaka 2010 baada ya kuhusishwa na shambulio la moyo na kiharusi, zilipita njia ya serotonini na noradrenalini na hazihitaji maelezo marefu hapa. Zilianguka kwa madhara ya moyo na mishipa ya damu.

Sindano za sasa, liraglutidi, semaglutidi na tirzepatidi, zimefaulu kwa kuliacha tanuri la mafuta na kugusa vipokezi vya juu yake. Kuna mafuta ndani ya habari yake, lakini mahali wasipotazamia wengi: GLP-1 ya asili, homoni ya utumbo ambayo sindano hizi huiiga, hudumu kama dakika 2 kwenye damu, na liraglutidi imeshikizwa mkia wa asidi ya mafuta ya kaboni 16, semaglutidi wa kaboni 18, ili ing'ang'anie albumini, protini ya damu. Ndiyo maana semaglutidi hudungwa mara moja kwa wiki. Molekuli hizi ni kubwa na hazisambai ubongoni kote. Huingilia sehemu ambazo kizuizi cha damu ni chepesi, karibu na kiini cha akueti na eneo la posterema kwenye shina la ubongo. Zikifika huamsha POMC na kutuliza AgRP. Kwa panya hushusha pia AMPK, kwenye haipothalamasi na kwenye shina la ubongo. Na mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba GLP-1 ikiwekwa ubongoni tu hupunguza uwekaji wa mafuta kwenye seli za mafuta za mwili, kupitia neva za simpathetiki, zile zinazouamuru mwili bila hiari. Athari hiyo ilififia kwa panya waliokwisha kunenepa, yaani wale hasa wanaofanana na mgonjwa.

Posterema hiyohiyo ndiyo kituo cha kichefuchefu, na kutoka hapo ndipo kanuni za dozi zinapoeleweka. Semaglutidi ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila hatua wiki 4. Dozi ya 0.25 haikusudiwi kukondesha. Ni ya kuzoeza. Anayeruka hatua ili "ifanye kazi haraka" hutapika, hukaukiwa maji, na figo huweza kuumia. Akisahau sindano na ijayo iko mbali zaidi ya siku 2, adunge mara moja. Ikiwa chini ya hapo, aiache na kuendelea na ratiba. Akikosa mbili mfululizo au zaidi, aongee na daktari kuhusu kuanza upya kutoka chini, kwa sababu mazoea ya ubongo yameshapungua. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya sulfonilurea huenda akahitaji kupunguziwa na daktari, la sivyo sukari inaweza kuanguka. Kukonda haraka huweza kuzalisha mawe ya nyongo, kwa hiyo maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu hayavumiliwi nyumbani. Mwanamke anayetumia tirzepatidi pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 baada ya kila kupandisha dozi, kwa kuwa tumbo linalochelewa kumwaga huchelewesha pia kidonge.

Matokeo ni makubwa. Semaglutidi miligramu 2.4 ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, dhidi ya 2.4 kwa waliopewa dawa bandia. Tirzepatidi miligramu 15, asilimia 20.9 katika wiki 72. Walioacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Hilo linafuata moja kwa moja kutoka kwenye seli tulizozitaja. Akiba ya mafuta ikipungua, leptini hushuka. Leptini ikishuka, AMPK ya haipothalamasi huachiwa na AgRP huamka. Dawa ilikuwa imewekwa juu ya msukumo huo, haikuufuta. Kumwandikia mtu sindano kwa miezi 6 kisha kumwachisha ghafla, kama vile anamaliza dozi ya malaria, ni kosa la kitabibu ninaloliona kuwa zito kuliko mengi yanayojadiliwa kuhusu dawa hizi.

Kwa anayesoma tafiti zenyewe, mambo matatu hutenganisha jaribio zuri na la kelele. Je, kulikuwa na kundi la panya lililopewa chakula kiasi kilekile walichokula waliodungwa? Bila kundi hilo, mabadiliko ya mafuta ubongoni huenda yametokana na njaa tu, wala si dawa. Je, walipima kama panya waliichukia ladha? Na je, panya walifugwa kwenye joto gani? Maabara nyingi hukaa kwenye nyuzi 22, ambazo kwa panya mdogo ni baridi; yeye hustarehe karibu na nyuzi 30. Akiwa kwenye 22 tayari anachoma mafuta ya kahawia kutwa nzima ili apate joto, na dawa yoyote inayogusa neva za simpathetiki itaonekana kuwa na nguvu ambayo mtu aliyevaa nguo hana pa kuipatia. Liraglutidi ikiwekwa kwenye haipothalamasi ya panya iliwasha mafuta hayo ya kahawia kupitia kupungua kwa AMPK. Kwa watu waliopimwa wakiitumia, matumizi ya nishati hayakupanda. Walikula kidogo.